MADAKTARI WASOME RIWAYA? NDIYO, TENA ZA KISWAHILI!

Msomaji wangu, leo tuache kidogo habari za nani kamwacha nani na suruali gani iko kwenye chati. Leo nakupandisha basi, tunakwenda Ifakara. Tutakata kona pale Mikumi, tupite Kidatu kwenye mashamba ya miwa, tupite Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, mpaka tuone mpunga umetanda kulia na kushoto. Hapo ndipo kwenyewe.

Tukishafika, kaa nami kwenye benchi la hospitali nikupe mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini kila aliyewahi kupanga foleni ya daktari ataujua.

Mama mmoja katoka shamba ng'ambo ya mto Kilombero. Huko kakaa miezi kwenye dungu, akiamia ndege wasiumalize mpunga. Zamu yake imefika. Mbele yake kuna kijana wa chuo, koti jeupe, kalamu mfukoni.

"Shikamoo mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba baba. Mwili wote, baba. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto, usingizi sina. Nina mawazo tu."

Kijana anaandika kipimo cha malaria. Malaria hamna. Presha iko sawa. Mama anapewa vidonge vya maumivu, anaambiwa aende akapumzike. Apumzike wapi, na ndege wako kwenye mpunga? Wiki mbili baadaye huyoo, karudi, na safari hii kaongeza jambo: "Hata kula siwezi."

Usimlaumu haraka yule kijana. Saikolojia kaisoma, na mtihani kafaulu. Kapiga msuli usiku kucha mpaka macho yakawa mekundu. Mbwa wa Pavlov anamjua kuliko mbwa wa jirani yake. Dalili za sonona kazimeza zote kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine. Shida ni kwamba yule mama hakutaja hata neno moja kati ya yale yaliyomo kwenye desa. Mama kasema ana mawazo. Na neno "mawazo" kwa Kiswahili cha mtaani linabeba deni, msiba, mume aliyehama, mtoto aliyefeli na ugonjwa wenyewe, vyote kwenye kapu moja.

Mimi nasema hivi: wanachuo hawa wapewe riwaya. Wasipewe za kusukumia likizo tu. Ziingie kwenye somo lenyewe la saikolojia, zijadiliwe darasani na zitungiwe maswali ya mtihani.

Najua kuna mtu kashaanza kucheka. "We mwandishi, hadithi itibu mtu?" Subiri, usifunge gazeti.

IFAKARA SI MAHALI PA KUBEZA

Kwanza tujue tunaongelea mji gani. Ifakara kwa mambo ya afya ni jina kubwa. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo watafiti wa dunia nzima wanaijua, mizizi yake ni maabara ndogo iliyofunguliwa na Waswisi mwaka 1957. Kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kuna chuo cha uuguzi cha Edgar Maranta. Kuna kituo cha mafunzo ya afya cha TTCIH, chenye historia inayoanzia mwaka 1961. Na mwaka 2010 kikaanza chuo cha Mtakatifu Fransisko cha sayansi za afya, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kikifundisha udaktari hapo hapo bondeni.

Kuhusu mbu na vyandarua, bonde hili limeshaifundisha dunia. Kuhusu moyo wa binadamu, bado kuna kazi.

Kijana anayesoma hapo anaweza kuwa katoka Kagera, Mbeya, Pemba au Kariakoo. Darasani anasoma kwa Kiingereza. Wodini anaongea Kiswahili na Mndamba, Mpogoro, Mbena, Mmbunga, pamoja na mfugaji Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Hajawahi kulala kwenye dungu. Hajui mwanamke akikaa peke yake shambani miezi mitatu anawaza nini usiku. Sasa atajuaje? Kitabu cha saikolojia kitampa jina la ugonjwa. Nani atampa mtu mwenyewe?

WENZETU WALIANZA ZAMANI

Hili jambo wala sikuliokota kijiweni. Sigmund Freud mwenyewe, babu wa uchunguzi wa nafsi, alipotaka kueleza mambo yake alikimbilia kwenye hadithi. Mwaka 1907 alitoa maandishi mazima ya kuchambua riwaya ya Mjerumani Wilhelm Jensen iitwayo Gradiva. Baadaye akamgeukia Mrusi Dostoevsky. Mwaka 1930 akapewa tuzo ya Goethe, ambayo imebeba jina la bingwa wa fasihi.

Huko Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Robert Coles alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard kwa kutumia riwaya na hadithi. Wanafunzi wake walikuwa wa udaktari, wa sheria, hata wa biashara. Mwaka 1989 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo, The Call of Stories. Moja ya hadithi zinazopendwa sana na walimu wa namna hii ni ya Leo Tolstoy, Kifo cha Ivan Ilyich, ya mwaka 1886. Hakimu anaumwa, anakufa taratibu. Mkewe anajifanya hajui, madaktari wanazungukazunguka, marafiki wanawaza nani atachukua cheo chake. Anayemwonea huruma bila kumdanganya ni Gerasim tu, kijana wa kazi kutoka kijijini, ambaye anakaa naye akimshikilia miguu juu ili maumivu yapungue.

Sasa niambie, hiyo ni Urusi au ni kwetu? Mara ngapi umeona ndugu wamejaa mlangoni wodini wakimkonyeza daktari: "Usimwambie mgonjwa"? Na mgonjwa anajua, kanyamaza tu asiwatie simanzi. Mwanachuo akimsoma Ivan Ilyich mara moja, siku akikutana na ndugu wa namna hiyo hatashangaa. Atajua mgonjwa naye anatafuta wa kumwambia ukweli.

Kuna na mwingine, Dokta Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huyu mwaka 2000 alianzisha programu nzima ya udaktari unaosikiliza simulizi. Ujanja wake mmoja ni rahisi mno. Anawaambia wanafunzi: kwenye faili la hospitali andika mapigo ya moyo na vipimo, lakini pembeni, kwenye daftari lako, andika kwa lugha ya kawaida yale ambayo faili haliyataki. Mgonjwa kakukumbusha bibi yako? Andika. Kakuudhi? Andika. Halafu wanasomeana. Haihitaji mashine wala umeme. Daftari tu na kalamu.

KABATI LETU LIMEJAA

Hapa ndipo ninapowakatalia wanaodhani ni lazima tuagize kila kitu kutoka nje. Tolstoy sawa, aje, tumpe kiti. Lakini kwenye kabati letu kuna wakali ambao vyuo vya afya havina sababu ya kuwaacha wapigwe na vumbi.

Anza na Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe, babake Zakaria ni mlevi anayewalinda mabinti zake kwa fimbo. Siku moja mzee anakamata barua ya mvulana, binti anapigwa kipigo cha mbwa mwizi. Rosa anakua akiwaogopa wanaume kama simba. Kisha anakwenda shule mbali na fimbo ya baba, na kamba inakatika. Anatoka upande mmoja wa dunia mpaka upande wa pili, na mwisho wake ni kifo cha kujitakia.

Kitabu hiki kilipigwa marufuku shuleni, eti kitaharibu watoto. Baadaye kikaja kusomeshwa shuleni hizo hizo! Sasa mpe mwanachuo wa saikolojia, muulize: Rosa aliharibiwa na nani? Na uhuru wa ghafla? Na baba? Na mchumba aliyetaka bikira huku yeye mwenyewe haulizwi? Darasa litawaka moto. Na katikati ya moto huo, watajifunza hofu ya utotoni inavyomfuata mtu ukubwani, bila kukariri ukurasa.

Njoo kwenye Kichwamaji ya mwaka 1974, ya Kezilahabi huyo huyo. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, yuko likizo kijijini, na kila kitu kwake kimekosa ladha. Anasimulia yeye mwenyewe, kwa hiyo unakaa ndani ya kichwa chake. Anacheka, anatania, anakunywa na wenzake. Nje ni mtu wa kawaida kabisa. Ndani giza, na naye mwisho anajiua. Ndugu zangu, hili ni somo ambalo mwanachuo mwenyewe analihitaji kabla hata ya mgonjwa. Wangapi mabwenini wanacheka namna hiyo?

Kisha vuka maji, nenda Zanzibar. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Nyota ya Rehema mwaka 1976. Rehema anazaliwa mweusi kuliko babake Fuad alivyotaka, na kwa rangi hiyo tu anakataliwa. Mtoto anayekataliwa na mzazi anajionaje? Wataalamu wameandika mengi juu ya mtoto na mlezi wake, akiwemo Mwingereza John Bowlby. Lakini soma Rehema anavyotangatanga mpaka mjini kwenye maisha ya aibu, halafu anavyokuja kukutana na Sulubu, mkulima asiye na kitu ila utu. Utaona pia kwamba jeraha la utotoni linaweza kupata wa kuliuguza. Hilo nalo ni somo.

Said Ahmed Mohamed akaleta Utengano mwaka 1980. Humo kuna Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, mkubwa wa siasa na mnafiki wa nyumbani. Siku akitoka, dunia inammeza, ulevi na ukahaba vinampokea. Weka Maimuna na Rosa kwenye meza moja, uwaulize wanachuo: wanafanana wapi, wanatofautiana wapi?

Na kwa wanaopenda jina kubwa, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anasafirishwa na tajiri anayemwita ami. Kumbe baba kamtoa kulipia deni. Hakuna aliyemwambia. Daktari wa watoto aliyemsoma Yusuf, akiletewa binti wa kazi asiyeongea, atajua kwamba kimya nacho ni maelezo.

MAMA DAKTARI WA MAHENGE

Kama bado unaona nasimulia hekaya, vuka nami mto. Siku hizi hatungoji kivuko, daraja lipo tangu mwaka 2018. Panda mlima mpaka Mahenge.

Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifanya kazi daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta watu wenye kifafa wanaishi kwa kujificha. Waliogopwa. Watu waliamini kwamba mate ya mgonjwa aliyeanguka yanaambukiza, kwa hiyo akiangukia motoni, wa kumtoa alisitasita. Wengine walikuwa na makovu ya moto mwili mzima. Yeye akafungua kliniki ya kifafa na kuwapa dawa.

Lakini hakuanza na dawa peke yake. Alikaa akasikiliza. Aliuliza familia zinaamini nini, nani anakula na mgonjwa, nani halali naye nyumba moja. Kwa kusikiliza na kutazama hivyo alieleza pia watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye, ugonjwa wa kutikisa kichwa ulipowashtua watafiti Sudan Kusini na Uganda, dunia ikarudi kusoma alichokiona Mahenge.

Naye hakuishia kwenye majarida ya kitaalamu. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha masimulizi, Call Mama Doctor, watu na siku zao zimo humo. Hicho si riwaya, ni mambo yaliyotokea. Ila kinathibitisha hoja yangu: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, dawa zake zipo, lakini mgonjwa hafiki kwenye dawa kama hujajua kwanza hadithi inayomfungia ndani. Mpaka leo kliniki za afya ya akili hapa nchini hupokea wagonjwa wa kifafa. Mwanachuo wa Ifakara ana kitabu cha jirani kabisa na mlango wake.

SOMO LENYEWE LIENDEJE?

Sitaki kuishia kupiga kelele. Mimi si mhadhiri, nimeishia kidato cha nne, lakini riwaya nimezisoma, na hivi ndivyo ningelipanga somo.

Riwaya moja kwa mada moja, basi. Malezi, Rehema. Ujana, Rosa na Maimuna. Sonona, Kazimoto. Kuumwa na kufa, Ivan Ilyich. Desa la kawaida libaki pale pale, mbwa wa Pavlov asifukuzwe.

Mwalimu asianze kwa kuuliza, "Huyu ana ugonjwa gani?" Hilo ndilo kosa litakalotuharibia. Ukimpa mwanachuo jina la ugonjwa kwanza, atawinda dalili na kumsahau mtu. Aulize: huyu anasema nini, na nini hakisemi? Nani anamsikiliza? Ungekuwa muuguzi wa zamu, ungemuuliza swali gani? Ukishapata hayo, ndipo ufungue kitabu cha Kiingereza uone jina.

Kisha wafanye mchezo. Mmoja awe Kazimoto kaja kliniki analalamika kichwa tu, mwingine awe daktari, na dakika ziwe 10, maana foleni ni ndefu. Watagundua swali moja zuri kwa Kiswahili, kama "Mambo ya nyumbani yakoje?", linafungua mlango ambao maswali 20 ya fomu hayafungui.

Vitabu havitoshi? Visomwe kwa sauti, sura kwa sura, jioni. Nakala chache zinatosha kundi zima. Watu wa bonde hili walisimuliana hadithi kwenye moto kabla chuo hakijajengwa.

WAPINZANI NAO WANA LAO

Nisiwe mwongo, hoja za kupinga zipo.

Kuna wanaosema kusoma riwaya kunamfanya mtu awe na huruma moja kwa moja. Taratibu! Mwaka 2013 watafiti David Comer Kidd na Emanuele Castano walitoa utafiti kwenye jarida la Science. Watu walisoma kipande kifupi cha fasihi, halafu wakaonyeshwa picha za macho matupu, wakabahatisha mwenye macho anajisikiaje. Waliosoma fasihi walifanya vizuri zaidi. Magazeti yakashangilia. Wengine waliporudia jaribio hilo miaka iliyofuata, matokeo hayakutokea. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kurasa tano zinamgeuza katili kuwa malaika. Mtu anaweza kumlilia Rosa usiku, asubuhi akamfokea mama mjamzito. Kinachosaidia ni mjadala, mwalimu na mazoezi ya muda mrefu.

Pili, mwandishi si mpima magonjwa. Anapinda mambo ili hadithi iende. Ndiyo maana kitabu cha taaluma lazima kikae pembeni, wanachuo wabishane navyo vyote viwili.

Tatu, na hili ni zito: darasani kunaweza kuwa na Rosa wa kweli. Kunaweza kuwa na Kazimoto amekaa kiti cha nyuma. Riwaya mbili kati ya hizi zinaishia na mtu kujiua. Mwalimu awaambie mapema nini kinakuja, asimlazimishe mtu kuongea, na aseme wazi mlango upi wa kugonga kwa anayeguswa. Na wewe unayesoma gazeti hili, kama giza la Kazimoto unalijua, usilibebe peke yako. Mwambie mtu unayemwamini leo, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kuomba msaada si udhaifu hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la akili. Panga foleni ya watu 8 pale hospitali, mmoja ni huyo. Hatakuja akisema jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye desa. Atasema tumbo, atasema mgongo, atasema kalogwa, atasema ana mawazo.

Wakuu wa vyuo, mpunga mnao, mto mnao, wanachuo wenye akili mnao. Ongezeni rafu moja ya riwaya maktaba, na saa mbili kwa wiki kwenye ratiba. Na ninyi wanachuo mkipata bumu, kabla halijaishia kwenye kiti moto na vocha, nunueni kitabu kimoja mchange watano. Yule mama wa kwenye dungu bado yuko kwenye foleni, na safari hii anataka mtu wa kumsikiliza.